Taulo haikauki, mama mkwe haogi

Shikamoo Fundi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka 3, na tangu baridi ianze mama mzaa mume wangu yuko kwetu. Naomba unisaidie jambo dogo ambalo limegeuka kubwa.

Bafu letu ni mita 2.5 kwa mita 2, na kutoka sakafuni hadi darini ni mita 2.4. Ukuta mmoja mrefu unatazama nje, ndio wenye dirisha. Nyumba ni ya zamani, ya matofali matupu yasiyo na chochote cha kuzuia baridi. Redieta iliyopo, kile chombo cha ukutani kinachopasha chumba kwa maji ya moto, ni ndogo, imebanwa nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi unaifunika yote, na kwa kuwa tunauacha wazi kutwa nzima, kazi yake imekuwa kuupasha moto mlango. Chini imeota kutu na sakafuni pana doa la maji ya kahawia.

Asubuhi tukishaoga wote kioo hakionyeshi mtu, ukuta unatiririka, na taulo niliyoitundika jana naikuta mbichi. Zina ile harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Nikizifua zinanukia siku moja, ya pili tumerudi pale pale.

Juzi mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, leo nitajipangusa tu." Jana vivyo hivyo. Hajalalamika, si mtu wa kulalamika, lakini siku ile aliyooga nilimwona akitoka, mabega yamempanda hadi masikioni.

Mume wangu amependa ngazi ya taulo ya kromu, yaani bomba za maji ya moto zilizopangwa kama ngazi ya kutundikia taulo, ile ya kung'aa, urefu mita 1.2 na upana sentimita 50. Ameshaiagiza ila hajalipa. Karatasi yake imeandikwa wati 420, na chini kwa herufi ndogo 75/65/20. Anasema itapasha bafu, itakausha taulo, na itapendeza. Mimi nataka redieta ya kawaida, kubwa, hata ikiwa na sura mbaya. Fundi tuliyemwita alitazama akasema zote zitafaa tu, akaondoka.

Boila yetu, ile mashine inayopasha maji ya redieta na ya kuoga, tumeiweka nyuzi 55 ili kubana matumizi. Msimu wa joto tunazima upande wa kupasha nyumba, tunabaki na maji ya kuoga tu, na hata wakati huo taulo hazikauki vizuri. Feni ya kutolea hewa ipo, lakini tangu tuhamie sijaisikia ikilia.

Tumeacha kulizungumza, maana kila tukilianza tunalala tumegeuziana migongo. Tuchukue ipi? Na hizi za umeme, ni salama bafuni?

Ni mimi,
Mama Taulo Mbichi

*

Marahaba mwanangu, na mama umpe salamu zangu.

Nianze na zile herufi ndogo, maana ndizo zilizobeba ugomvi wenu. 75/65/20 maana yake wati zile 420 zilipimwa maji yakiingia na nyuzi 75, yakitoka na 65, na chumba kikiwa na nyuzi 20. Wastani wa maji ni 70, chumba ni 20, tofauti ni 50. Boila yenu inatuma maji ya nyuzi 55. Tuseme yanarudi na 45: wastani ni 50, na tofauti na chumba ni 30. Hapa wengi huteleza. Wanaona 30 ni asilimia 60 ya 50, wanadhani na joto litakuwa asilimia 60. Joto la redieta hushuka haraka kuliko tofauti yenyewe, na kwenye 30 linabaki nusu, labda na punje juu yake. Ngazi ya mumeo, ikiwa haina hata taulo moja juu yake, itatoa kama wati 215 nyumbani kwenu.

Sasa bafu lenyewe linadai nini? Ukuta wa matofali matupu hupoteza karibu wati 2 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukuta wenu wa nje, ukiondoa dirisha, ni kama mita 5 za mraba: hizo ni wati 10. Dirisha, dari, na hewa inayotoka na kuingia tuziweke pamoja wati 12. Jumla 22 kwa kila nyuzi. Nje kukiwa sifuri na ndani mkitaka nyuzi 22, ni 22 mara 22, wati 484. Mimi ningeandika 500 nikaacha kuhangaika na masalio, kwa sababu hesabu ya namna hii haina haki ya kuwa na umakini wa duka la dhahabu. Muhimu ni kwamba 215 haifiki hata nusu ya 500.

Na hapo bado hamjatundika kitu. Taulo ikiwa juu ya ngazi ni blanketi juu ya redieta. Joto linaloingia kwenye taulo linakausha taulo, sawa, lakini chumba kinalikosa. Mkitundika nne, kila mtu na yake, chumba kitaambulia kidogo sana. Kromu nayo ina tabia yake: ule uso wa kung'aa unarusha joto kwa shida, ndiyo maana ngazi ile ile ikipakwa rangi ya kawaida, nyeupe au nyeusi, hutoa zaidi, mara nyingi kwa tofauti ya asilimia 20 hadi 30. Mwambie mumeo aulize kama zile 420 ni za kromu au ni za ile iliyopakwa rangi. Karatasi nyingine huandika moja tu, na si ile unayoinunua.

Simcheki mumeo. Mimi niliyekuwa nikifunga vitu hivi kwa watu niliwahi kujifungia ngazi ya kromu bafuni kwangu, nikang'oa redieta nzima kwa furaha. Wiki ya kwanza ya baridi nilikaa ukingoni mwa beseni la kuogea na kipimajoto mkononi, nyuzi 17, huku nyuma yangu taulo tatu zikiwa zimepata joto tamu kabisa. Taulo ndizo zilikuwa zinaishi vizuri mle ndani.

Lakini wewe nawe, mwanangu, redieta yako kubwa haitaondoa ile harufu. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye shida yenu na hakuna aliyepatazama, hata yule fundi wa zote zitafaa.

Chukua mizani ya jikoni. Pima taulo moja ikiwa kavu, kisha ipime mtu akishajifutia. Taulo nene ya kuogea si ajabu ikaongezeka gramu 200 au 300. Tuchukue 300. Yale maji hayapotei taulo ikikauka, yanahamia hewani. Hewa ya bafu lenu ni mita 12 za ujazo, na hewa yenye nyuzi 20, hata ikishiba kabisa, hubeba kama gramu 17 za maji kwa kila mita ya ujazo. Bafu zima ni gramu 200 na kidogo. Umeona? Taulo moja inataka kuweka hewani maji mengi kuliko hewa yote ya chumba inavyoweza kubeba, na ninyi mna taulo nne, na kabla ya taulo mmeshaoga na kujaza mvuke. Hewa ikipoa hadi nyuzi 10 inabeba kama gramu 9 tu kwa mita, kwa hiyo kinachozidi kinakaa pale penye baridi zaidi: kioo, kona za dari, ule ukuta wa nje. Ndiyo machozi unayoyaona. Baadaye huja madoa meusi ya ukungu, kama hayajaanza.

Kwa hiyo taulo zenu hazikauki kwa sababu hewa imejaa. Ndiyo maana hata msimu wa joto, redieta ikiwa imezimwa na hakuna baridi yoyote, bado zinakuwa mbichi. Wewe mwenyewe uliliandika hilo kwenye barua ukalipita.

Feni ndiyo ya kwanza, kabla ya kununua chochote. Mwite fundi umeme aifungue. Mara nyingi utakuta vumbi limeganda kwenye mapanga kama sufu, au mtu aliichomoa kwa sababu ya kelele. Ikishawaka, shika karatasi ya chooni karibu na kichungi chake: ikinaswa na kushikiliwa, inavuta. Ikianguka, ama feni imechoka, ama bomba la kutolea nje limeziba, ama hewa haina pa kuingilia. Hili la mwisho husahaulika sana. Mlango wa bafu ukigusa sakafu, feni inavuta kutoka kwenye chumba kisicho na mlango wa hewa. Nafasi ya sentimita 1 chini ya mlango inatosha. Na iwe feni inayoendelea kuzunguka dakika 15 au 20 baada ya taa kuzimwa, kwa sababu mvuke mwingi hutoka mtu akishaondoka.

Nimeshawahi kwenda kwenye nyumba ya mtu kumfungia ngazi ya taulo, nikatengeneza feni, nikarudi na ngazi yangu kwenye gari. Ninyi hamtaishia hapo, kwa sababu ya mama.

Maana shida ya mama ni nyingine. Taulo si kitu kwake. Anachoogopa ni zile dakika mbili za kusimama na mwili uliolowa katika chumba cha nyuzi 16 au 17, maji yakikauka mgongoni na kuondoka na joto lake. Mtu mzima hana nyama ya kujikinga na hilo. Kwake chumba kinapaswa kuwa na nyuzi 22 hadi 24 kabla hajavua nguo, na kinachofanya kazi hiyo ni redieta. Hapo wewe ndiye uliyeona sawa.

Wengi wakisikia redieta wanawaza gari, na mfano si mbaya: ni chombo cha kuhamisha joto kutoka kwenye maji kwenda kwenye hewa, na kinahitaji eneo kubwa la kugusana na hewa. Ndiyo maana redieta ya paneli mbili yenye mapezi ya bati katikati hushinda ngazi yenye bomba nyembamba, hata kama kwa macho zinalingana. Mnataka wati 500 kwa maji yenu ya nyuzi 55, na chumba cha nyuzi 22, kwa hiyo kwenye karatasi ya 75/65/20 tafuteni iliyoandikwa wati 1,000 hadi 1,100. Usishtuke, siyo dude la kutisha. Ya paneli mbili na mapezi mawili, urefu sentimita 60 na upana sentimita 60, kwa kawaida huangukia hapo hapo. Ukikuta karatasi inatumia BTU, gawanya kwa 3.4 upate wati.

Utaambiwa basi pandisheni boila hadi 70 mtumie redieta ndogo. Ndiyo, inawezekana, lakini kama boila yenu ni ya aina ya kondensi, ile yenye bomba dogo la plastiki linalodondosha maji, inabana matumizi hasa maji yanaporudi yakiwa yamepoa chini ya nyuzi 55 hivi. Mmeiweka vizuri. Iacheni.

Sasa pa kuifunga. Kitabu kitakwambia chini ya dirisha, ili joto lipande na kukutana na baridi ya kioo. Ni kweli, na ningekuwa najenga upya ningeiweka hapo. Ila kuhamisha bomba kutoka nyuma ya mlango hadi ukuta wa nje ni kuvunja sakafu na vigae, na wewe hukuniambia kwamba mnakarabati. Mimi ningeugeuza mlango. Ubandueni, bawaba mzifunge upya ufunguke kuelekea nje, kama korido inaruhusu. Redieta mpya itakaa pale pale ilipo ya zamani ikiwa huru saa 24, bomba hazitaguswa sana, na kuna faida nyingine ambayo sipendi kuitaja lakini nitaitaja: mtu mzima akianguka bafuni anaweza kulala mlangoni, na mlango wa kufunguka ndani usifunguke tena. Kama korido haitoshi, mlango wa kuteleza nao unafaa.

Kabla ya kununua pima kutoka katikati ya bomba moja hadi katikati ya bomba la pili, siyo ukingo hadi ukingo. Kipimo hicho kikilingana na redieta pamoja na vali zake, fundi bomba hataongeza viunganishi vya ajabu. Acha sentimita 10 au zaidi kati ya chini ya redieta na sakafu, hewa ya baridi ipate pa kuingilia, na usiweke rafu juu yake. Ile vali yenye kichwa cha kujirekebisha yenyewe kwa joto usiifunike na taulo wala nguo ya mtoto. Ikifunikwa inahisi joto la chini ya nguo, inadhani chumba kimeshachemka, inafunga maji, nanyi mnabaki mkilaumu redieta.

Lile doa la kahawia lina jambo moja la kuchunguza. Redieta za chuma cha kawaida zinakaa salama kwenye mzunguko uliofungwa, ambao maji yake ni yale yale mwaka hadi mwaka na hayapati oksijeni mpya. Ziking'ang'anizwa kwenye maji ya bomba la kuogea, yanayobadilika kila siku, zinaoza kutoka ndani. Jipime hivi: upande wa kupasha nyumba ukiwa umezimwa na maji ya kuoga yamewashwa, fungulia maji ya moto ya kuogea kwa muda kisha gusa ile redieta. Ikipata joto, imeunganishwa kwenye maji ya bomba, na hapo usinunue chuma cha kawaida hata kama ni cha bure, tafuta chuma cha pua au ile shaba ya njano inayotengenezewa koki. Ikibaki baridi, chuma cha kawaida kinafaa, ila fundi akishamwaga maji na kujaza upya lazima arudishe dawa ya kuzuia kutu. Wengi huisahau, na ukimuuliza huwa ameiacha kwenye gari.

Nije kwa mumeo, maana naye simwachi mikono mitupu. Ngazi ya taulo aipate, ila iwe ya umeme, ndogo, na kazi yake iwe taulo peke yake. Ikiwa inategemea boila, msimu wa joto itakuwa pambo la ukutani. Ya umeme mara nyingi ina mafuta au maji yenye dawa ndani yake, imefungwa kiwandani, na koili chini. Ya wati 100 hadi 150 inatosha taulo mbili. Kukausha yale maji gramu 300 kunahitaji kama uniti 0.2 za umeme kinadharia, na kwa kweli ni zaidi kwa sababu joto jingine linapotea hewani. Wati 150 kwa saa 3 asubuhi ni uniti 0.45. Ikiachwa saa 24 ni uniti 3.6 kila siku, karibu uniti 1,300 kwa mwaka, na hakuna taulo inayohitaji hayo. Kwa hiyo taima, na isiwe ile ya kukumbuka kubonyeza. Kwa kazi hii kromu haina kosa, kwa sababu taulo inaigusa moja kwa moja. Na hapo mumeo anapata king'aro chake bila mtu kuganda.

Zipo pia za mchanganyiko, zinazotumia maji ya boila wakati wa baridi na koili ya umeme wakati wa joto. Zinafaa, ila zina mtego. Msimu wa joto unafunga vali moja ili koili isipashe mabomba ya nyumba nzima, na lazima ile ya pili ibaki wazi, kwa sababu maji yakipata joto yanatanuka na yanahitaji pa kukimbilia. Nimekuta iliyofungwa zote mbili, imevimba kwenye kiungo na kumwaga. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo na watu wanne wanaogusa kila kitu, mimi ningeikwepa.

Umeuliza usalama. Ni salama ikifungwa na fundi umeme aliyesajiliwa, na hatari kabisa ikifungwa na mjomba anayejua umeme. Nchi nyingi hugawa bafu kwa maeneo kulingana na umbali na maji: ndani ya beseni la kuogea au shawa ni eneo sifuri, juu yake hadi mita 2.25 kutoka sakafuni ni eneo la kwanza, na sentimita 60 pembeni yake ni eneo la pili. Katika eneo la kwanza na la pili kifaa kiwe na alama ya IPX4 au zaidi, ile 4 ikimaanisha kinavumilia maji ya kurushwa kutoka kila upande. Sisi tukiweza tunakiweka nje ya maeneo hayo kabisa. Kisichomekwe kwenye soketi, wala kwa waya wa kuongezea kutoka chumbani, bali kiunganishwe moja kwa moja, na swichi yake iwe nje ya mlango. Na laini yake ipite kwenye kile kikata umeme cha miliampia 30, kinachohisi umeme ukivuja kwenda ardhini na kukata kabla mtu hajapata madhara makubwa. Kama ubao wenu wa fyuzi ni wa zamani kama nyumba, hicho nacho huenda hakipo, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya fundi, kabla hajagusa ukuta.

Ngazi iwe mahali mtu anapoifikia akiwa bado kwenye shawa, mkono tu, siyo hatua tatu kwenye sakafu iliyolowa. Chini yake ianzie juu ya mikono ya mtoto kama ukuta unaruhusu, kwa sababu metali yenye nyuzi 60 na kuendelea inamuunguza mtoto kwa muda mfupi sana, na ngozi ya mzee nayo ni nyembamba na inachelewa kuhisi. Tafuta yenye themostati, kile kidhibiti joto, uishushe. Taulo hukauka vizuri tu kwenye nyuzi 45, kama hewa inatoka.

Na ukuta ukiwa wa jipsamu mahali hapo, ubao wa kushikilia uwekwe kwa ndani kwanza. Skrubu kwenye jipsamu tupu itashika mwezi mmoja.

Wiki hii, kabla hamjanunua lolote: mlango wa bafu mfunge nusu saa kabla mama hajaoga, ili hicho kiredieta kipashe chumba badala ya mlango, na vali yake ifunguliwe hadi mwisho. Dirisha lifungwe, feni ikiwa mbovu mlifungue akishatoka, dakika 10, lote, siyo ufa. Taulo zikishatumika zitoeni bafuni mkazitundike chumba chenye hewa, zimekunjuliwa, siyo kwenye msumari mmoja zikiwa zimejikunja. Taulo ya mama mtu mmoja aipashe juu ya redieta ya sebuleni ampelekee mlangoni. Mumeo anaweza kufanya hilo.

Jambo la mwisho ni lile alilosema fundi, kwamba zote zitafaa tu. Ulizeni ngazi au redieta yoyote inabeba uzito gani. Mama akitoka kwenye maji mguu ukiteleza, atashika kilicho karibu, na kilicho karibu kitakuwa hiyo ngazi mpya ya kromu, iliyotengenezwa kubeba taulo mbili. Itang'oka naye. Siku fundi atakapokuja na drili, mfungie mama mshikio wake wa kweli, wa chuma cha pua, upande wa mkono wake wenye nguvu, kwenye matofali, urefu wa kiuno chake akiwa amesimama bila viatu. Mwiteni asimame hapo mpime naye.